Bwate ya Gari na Muguu Wangu wa Kushoto

Amani kwenu, ndugu zangu na mama zangu. Pasta aliniomba niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini taabu yangu haikuwa fupi.

Hii fimbo munaiona. Nilipokuwa kijana, tukikata njia kule Walikale, muti iliangukia muguu yangu ya kushoto, na goti haikunji tena mpaka leo. Nilikuwa najifunza ushofere. Gari zote tulizozijua zilikuwa na pedali ya ambreyaji, ile klachi, na ile pedali inataka muguu ya kushoto kila unapobadilisha vitesi, zile gia. Nikarudi kwetu Masisi, nikakaa kuchambua maharagi pamoja na wamama.

Halafu Muzungu mwenye shamba ya pareto akaleta gari ya Amerika, kubwa, moteri yake nguvu sana. Bwate yake ilikuwa otomatiki. Bwate njo ile sanduku ya chuma inayopeleka nguvu ya moteri kwa magurudumu, na hii ilibadilisha vitesi yenyewe. Hakuna ambreyaji! Nilienda kuomba kazi siku ile ile. Ndugu zangu, nawaambia bila haya, mara ya kwanza kuiendesha mpaka Burungu nililia.

Matope na milima ikaila ile bwate, ikakufa. Hapo njo mashauri ikaanza. Fundi: "Papa, weka bwate ya mukono. Otomatiki iko ya barabara ya kolta, ya lami." Shemeji yangu: "Weka ya mukono." Hata muzee mumoja wa kanisa, anisamehe kama iko hapa, alinishika bega: "Ya mukono haichoki, kaka." Najua haichoki! Lakini ambreyaji nitaikanyaga na nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilichoka kuwaeleza watu wenye miguu mbili.

Muzungu akaniambia nichague otomatiki ingine mimi mwenyewe. Goma nikapata moja juu ya meza, imetoka kwa gari ndogo, imepakwa rangi mupya. "Iko nyepesi," muuzaji akasema, "na mulimani unataka kitu nyepesi." Maneno ikanipendeza. Kwenye tambarare ilienda vizuri kabisa. Mulima wa kwanza wenye matope, ikanuka kama maharagi iliyoungua. Moteri inalia, gari imesimama. Ile nguvu yote ya moteri ilikuwa imeimaliza ile bwate ndogo.

Kesho yake Muzungu akaja na shofere mwingine, kijana muzima. "Mara moja tena," akaniambia. "Ikishindwa, tunaweka ya mukono, na huyu njo ataendesha."

Nilifika nyumbani na hasira, nikamfokea bibi yangu bure. Yeye alikuwa amelowesha mukanda mupya wa kubebea kitunga, ule tunaoweka kwenye kipaji cha uso, na ametundika juu yake gunia ya mihogo, aone kama utakatika.

"Unaharibu mukanda!"

"Mukavu kila mutu anausifu," akajibu. "Mimi nabeba mu mvua. Na kitunga yangu iko kubwa. Mukanda ya mutoto nitafanyia nini?"

Hapo nikaelewa kosa yangu. Ile bwate ya Goma niliiona baridi, juu ya meza, na ilikuwa ya gari ya mutoto.

Nikaenda Walikale. Kule mu pori kulikuwa kamyo moja, lori ya mugodi, otomatiki, kutu imekula mwili lakini moteri inawaka. Bwate yake nzito, mbaya, imejaa matope. Niliwaambia wanaume wa pale wasiifungue kwanza. Nikaomba wapakie mawe, kamyo ipande kilima, ishuke, ipande tena, mpaka chuma ikawa moto huwezi kugusa.

"Papa, unanunua ao unatesa?" mwenye kamyo akauliza.

"Natesa kwanza," nikamuambia.

Nikatoa mafuta yake kidogo. Ilikuwa bado mekundu, hainuki kuungua. Nikasema: hii. Wale wanaume wakaifungua, wakaibeba kwa mabega mpaka barabarani.

Fundi alikata shafti, ile chuma ndefu inayozungusha magurudumu, akachonga vishikio vipya, ananung'unika kila siku kwamba ya mukono ingekuwa imekwisha kuingia. Hakuniacha, lakini alinikasirisha sana.

Siku ya kujaribu, mvua ilinyesha. Muzungu alikaa kando yangu. Yule kijana alikaa nyuma, muzigo yake juu ya magoti, tayari kuchukua kiti yangu. Tukafika mulima ule ule. Nikakanyaga na muguu ya kulia. Bwate ikashika, ikabadilisha, ikavuta. Ikapanda bila kusimama mpaka juu. Hapo Muzungu akageuka nyuma, akamuambia yule kijana: "Kesho uende uendeshe kamyo ya maziwa." Nikajua nimebaki.

Namushukuru Mungu. Namushukuru bibi yangu, wanaume wa Walikale walioitoa ile chuma mu pori kwa mabega, na fundi pamoja na manung'uniko yake. Funzo yangu iko fupi: kabla ya kumupa mutu shauri, tazama kwanza miguu yake.

Na mukiniona napanda na ile gari, tafadhali, mashauri nimeshiba. Munipungie mukono tu.