Soda za Mgeni na Bati la Jiko Letu

RISALA YA KLABU YA SAHANI YETU, SEKONDARI YA KILIMA UPEPO, MAKAMBAKO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani. Mkuu wa shule, walimu na wazazi wetu: shikamooni! Kamwene!

Ukaribisho

Usishangae kukuta meza kuu haina soda. Mbele yako kuna mtindi, viazi vya kuchemsha na maparachichi. Tangu asubuhi tuna hamu ya kuona utaanza na kipi!

Tulikotoka

Zamda Miraji, mfungaji wetu wa netiboli, ametuomba tumtaje kwa jina. Mwaka jana baba yake, dereva wa lori, alikuwa akimwachia hela ya chakula, naye akila chipsi na soda pale stendi kama sisi sote. Akanenepa, tukamsifu kwamba kwao wanakula vizuri. Siku ya mechi tukamchangia kinywaji cha kuongeza nguvu. Alianguka uwanjani. Nasi, kwa upendo wetu wa kijinga, tukamkimbilia na soda nyingine!

Daktari alimwambia, "Mwili umeongezeka, damu imepungua. Huwa unakula nini?" Zamda alilia. Hakulilia unene, alilia kwa kuogopa kuachwa kikosini.

Mafanikio

Sasa kila Jumatano tunapika wenyewe. Wa shambani wanaleta maharage na mboga, wa mjini mchele na mafuta. Zamda ndiye mpakuaji, na hana huruma: "Asiyekula mchicha asiniombe pasi!" Amerudi kikosini, Mheshimiwa, na Jumamosi tunacheza fainali Njombe mjini! Andaa vigelegele kabisa.

Changamoto

Jiko letu halina paa. Mvua ikinyesha moto unazimika, tunarudi kwenye chipsi. Jumatano iliyopita ilinyesha. Zamda alikataa kwenda stendi, akashinda na njaa, na jioni mazoezini akalazimika kukaa chini. Tuliogopa sana.

Maombi

Tumeziona katoni za soda kwenye gari lako. Kila mwaka unatuletea, na kila mwaka tunapiga makofi hadi viganja vinauma. Asante, baba yetu. Ila ghala la biashara yako lina mlango wa soda na mlango wa bati. Mwaka huu tunaomba utufungulie ule wa pili.

Mungu akupe afya njema, abariki na biashara yako, milango yote miwili. Tukutane uwanjani Jumamosi.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Sahani Yetu.

Imesomwa na Fidelia Kornelio. Sahani yako, Mheshimiwa, imepakuliwa na Zamda, na mchicha ameujaza.