Mehru Alifungua Mlango?

Baraza la Haji Antena liko pale kichochoro cha wauza nyuzi kinapokata kona, ndani ya mji mkongwe wa Lahore, na kama hulijui basi fuata kelele. Ni jiwe refu lililobanwa ukutani, limelainishwa na makalio ya vizazi vitatu. Asubuhi za baridi jua hulifikia kwa kitambo kidogo tu, na kitambo hicho kina wenyewe: Haji Antena, aliyekuwa wa kwanza kichochoroni kuwa na televisheni, Goga Mieleka, aliyepigana mieleka ujanani na sasa anapigana na magoti yake, Shehe Sukari, mwuza nyuzi, ambaye daktari amemkataza sukari ila methali hakuna aliyeweza kumkataza, na Latif Filimbi, gadi mstaafu wa treni. Katikati yao hukaa birika la chai ya pinki, ile ya chumvi na magadi, na mwenye birika ni Goga, kwa hiyo wote humheshimu mpaka chai iishe.

Siku hiyo Latif alikuja na lake moyoni, na hakutaka lijulikane. Mkewe, Sughra, alikuwa amemhama, yuko kwa kaka yake Gujranwala. Kisa ni chumba cha juu. Latif alikipangisha bila kumwambia, na ndicho chumba ambacho mama wa watu huota jua na kufuma masweta yake. Sughra alijua siku alipoona kitanda cha mpangaji kinapandishwa ngazi. Hakugomba wala hakulia. Alifunga mzigo wake, akasema: "Nimefanya alivyofanya Mehru. Yaliyobaki unayajua." Balaa ni kwamba Latif hakuyajua yaliyobaki. Mehru alikuwa mwanamke wa kwenye mchezo wa televisheni, zama zile nchi ilipotawaliwa na jenerali. Mumewe alimwoza binti yao bila kumuuliza mama mtu, Mehru akarudi kwa baba yake, na sehemu ya mwisho mume akaja kubisha hodi. Je, alifunguliwa? Kesho yake Latif alitaka kupanda basi la Gujranwala, na hakujua kama anafuata mke au anafuata aibu.

— Hivi ule mchezo wa Mehru uliishaje? aliuliza, akijitia kupuliza chai.

— Duh, umekwenda kufukua makaburi, alisema Goga. Leo umeamkia upande gani?

— Nimekumbuka tu.

— Alifungua, alisema Haji Antena. Hilo halina mjadala. Nilisikia komeo kwa masikio yangu haya.

Alisema alisikia, na hapo alisema kweli, kwa sababu hapana hata mmoja wao aliyewahi kumwona Mehru. Usiku wa mchezo, wanawake wa kichochoro kizima walijazana sebuleni kwa Haji, pazia la mianzi likashushwa, na mama yake Haji, Mungu amrehemu, akawafukuzia wanaume wote nje barazani. Haji mwenyewe aliinunua televisheni ile kwa jasho la Kuwaiti, lakini kazi yake ilikuwa kupanda darini, kuigeuza antena mpaka mama aseme basi, kisha kushuka kuungana na wenzake. Mwaka mzima waliufuata mchezo kwa masikio, kama redio. Wakazijua sauti zote, wakamchukia mama mkwe kuliko walivyowachukia mama wakwe zao. Ila mwisho wenyewe haukuwa na maneno. Mlango uligongwa, pakawa kimya, ukapigwa muziki, na ndani wanawake wakalia.

— Komeo lile lilikuwa la kabati la sukari la mama yako, alisema Goga. Kila kipindi kikikaribia mwisho alilifunga, Shehe asije akaingia.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Shehe Sukari.

— Methali yako hapo inafanya nini?

— Inakaa tu. We endelea.

— Mimi nasema mume alifia pale pale mlangoni, alisema Goga. Mlisikia ule mshindo baada ya kugonga? Ule si mshindo wa mguu. Mimi nimeangusha watu maisha yangu yote, nazijua sauti zake. Yule aliangukia ubavu wa kushoto, upande wa moyo. Mehru anafungua, anakuta maiti. Ndiyo maana wakalia.

Latif aliweka kikombe chini. Alikuwa na moyo unaorukaruka tangu mwaka jana, na ngazi za shemeji yake kule Gujranwala ni ndefu.

— Wangelia tu, Goga, alisema Haji. Lakini mbona baadaye walicheka? Walilia, halafu wakacheka, halafu mama akataka chai. Kwa maiti wanawake hawacheki.

— Inategemea maiti ya nani.

— Usifanye mzaha, alisema Latif, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. Wakamtazama.

— Wewe umekuwaje leo? Haji alimuuliza. Shemeji bado hajarudi? Mbona harusi ya mpwa wake ilikuwa siku mbili tu?

— Atarudi, alisema Latif, maana harusi ndiyo kisingizio alichowapa wenzake.

Shehe Sukari alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kupewa nafasi. Alichungulia kulia na kushoto, akachomoa kipande cha sukari guru mfukoni, akakitia mdomoni haraka, kisha ndipo akaanza.

— Mnabishana kwa kuwa hamjui sheria. Nisikilizeni. Enzi zile mwanamume na mwanamke wasiooana hawakuweza kukaa kitanda kimoja mbele ya kamera, hata kukaa tu. Na mwanamke alijitanda ushungi hata akilala. Mnakumbuka Mehru alipotumbukia mferejini? Akaokolewa na ushungi wake uko kichwani, haujasogea.

— Wewe umeonea wapi? Ulikuwa barazani, alisema Goga.

— Nilisimuliwa. Sasa, wale wa televisheni wakaona njia ya halali ni kumtafuta Mehru na mumewe ambao ni mke na mume kwelikweli. Wakawapata. Mambo yakaenda vizuri mpaka sehemu ile mume anapandwa na hasira. Akasema nini?

— Akasema nakuacha, alijibu Haji.

— Mara ngapi?

Haji alitafakari. — Tatu.

— Umeona sasa. Talaka haina mzaha, awe anaigiza, awe anacheka. Bwana yule alimwacha mkewe wa nyumbani mbele ya taifa zima. Mashehe wakaingia kati, mama wa watu akawekwa eda. Na sehemu ya mwisho ilirekodiwa eda haijaisha. Sasa niambieni, Mehru atafunguaje mlango, na aliyesimama nje si mumewe tena, kwenye mchezo wala kwenye dunia? Akifungua ni dhambi, asipofungua mchezo hauishi. Wakapiga muziki, wakaonyesha mbuzi.

— Mbuzi wa nani?

— Mbuzi. Wa pale kwa baba yake. Tulimsikia kila wiki.

Goga alipiga paja lake kwa raha. — Shehe, hiyo kamba unaweza kufungia ng'ombe. Ila kuna kitu ndani yake. Mjukuu wangu aliutafuta mchezo ule kwenye simu, akapata sehemu zote isipokuwa ya mwisho. Inasemekana kanda yake ilitumiwa tena, wakarekodia kipindi cha ufugaji wa nyati.

— Hapo mwisho wa ubishi, alisema Shehe. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nyati ananihusu nini nguoni?

Ubishi ukashika moto. Haji akasema kanda haikufutwa kwa bahati mbaya, jenerali mwenyewe aliagiza, maana siku ile mke wake naye alimfungia mlango. Goga akasema si jenerali, ni chama cha akina mama wakwe. Latif alizisikia sauti zao kama za abiria wa behewa la pili. Alikuwa akijiuliza swali moja. Sughra akisikia hodi yangu, atanyanyuka? Akajaribu kumkumbuka usiku ule wa sehemu ya mwisho, alipotoka kwa Haji na macho mekundu, wakaenda nyumbani wakiongozana kichochoroni. Alikumbuka kwamba walikula dengu. Hakukumbuka neno hata moja waliloambiana.

Wakati huo alipita mama wa matone ya chanjo ya polio, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba na kisanduku chake cha barafu begani. Alikuwa mgeni katika kichochoro hiki, amehamishiwa mwezi ule. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa Haji, akiandika alama yake ya chaki ya kuonyesha nyumba imefikiwa, na bila shaka alikuwa amesikia zaidi ya walivyotaka.

— Salaam alaikum, wazee wangu. Humu ndani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano?

— Waalaikum salaam, dada, alisema Haji. Humu mtoto ni mimi. Wajukuu wako Karachi.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Shehe, na kwa mara ya kwanza mwaka ule methali yake ilikaa mahali pake, ingawa hakujua. Dada, tuamulie. Mwanamke ameondoka kwa mumewe, mume anakuja kugonga. Alifungua au hakufungua?

Akasimuliwa. Watatu walimsimulia kwa pamoja, na pazia, na mbuzi, na eda, na maiti, na nyati. Yeye alisikiliza huku akipangusa chaki vidoleni, kisha akasema kwa adabu kabisa:

— Samahani, mimi sikuelewa kitu kimoja. Wake zenu si walikuwa mle ndani?

— Walikuwemo, alisema Haji. Wanawake wa kichochoro kizima.

— Wao walisema uliishaje?

Goga aliinua birika, akalitikisa, akakuta kimebaki kijiko cha majani. Hata hivyo akalishikilia, apate kitu cha kushika.

— Wangu ni marehemu, alisema.

— Mimi nilikuwa sijaoa bado, alisema Haji Antena. Lakini mama alikuwepo. Na dada zangu wanne.

Shehe Sukari alitazama dirisha la juu, la kwake, ambapo mkewe alikuwa akianika nguo kama kila siku. — Sisi huongea, alisema. Huongea mambo ya gesi. Bei ya unga.

— Lakini hamkuwauliza, alisema yule mama. Hakusema kwa kuwasuta. Alitaka tu kuelewa.

Akakiweka sawa kisanduku begani, akawaaga na kwenda mlango wa pili. Jua nalo lilikuwa limeshapanda, limewaachia kivuli na jiwe la baridi.

Latif aliinuka. Alikwenda mpaka pembeni, penye tanuri la mikate, akatoa simu. Tangu Sughra aondoke alikuwa ameshampigia mara kadhaa, na kila mara alianza kwa kueleza: kodi ya mpangaji, mafuta yamepanda, chumba kilikuwa kitupu mchana, kwa nini mtu akasirike kwa chumba. Na kila mara Sughra alisema "haya" akakata. Simu iliita kwa muda mrefu.

— Eeh, baba Fozia, alisema Sughra. Sema.

Hotuba ya kodi ilimjia mdomoni. Akaimeza.

— Mama Fozia, hivi Mehru alifungua mlango?

Latif alisikia jogoo wa shemeji yake, na maji yakimiminwa kwenye ndoo, kisha hata maji yakanyamaza. Nyuma yake barazani wale watatu walikuwa wamenyoosha shingo, hawajifichi hata kidogo.

— Miaka yote hiyo, alisema Sughra polepole. Mpaka leo ndiyo unaniuliza.

— Ndiyo. Nakuuliza.

Akangoja. Alijua kungoja, ndiyo kazi iliyomzeesha, lakini hakuna ishara ya reli aliyoingoja kama ile.

— Njoo ubishe hodi, alisema Sughra. Utaona.

Simu ikakatika. Latif aliirudisha mfukoni, akageuka.

— Amesemaje? aliuliza Haji. Alifungua?

— Sijui bado, alisema Latif, na tayari alikuwa anakwenda kushika basi la leo.