Mvua Iliyopikwa Chai

Virginia: Haloo? Ni nani anapiga nikiwa na unga mikononi?

Gichovi: Ni mimi, mama. Gichovi, bwana ya Wawira. Habari ya Embu?

Virginia: Aii, mkwe! Huku mtaa wetu wa Dallas ni baridi tu. Na huko Kwale bado mnapima mvua?

Gichovi: Tunapima, mama. Na... mko salama?

Virginia: Si nimesema ni baridi? Toa hiyo kitu imekukwama.

Gichovi: Si kitu, mama. Ni vile ulipotutembelea... kwa friji kulikuwa na chupa. Imeandikwa—

Virginia: "Mvua." Niliiona.

Gichovi: [anakohoa] Sasa, sisemi kuna mtu aliigusa—

Virginia: Husemi kwa sababu mimi ni mama mkwe. Haya, niliipika chai.

Gichovi: Mama!

Virginia: Maji ya hicho kisima chenu inakatisha maziwa! Lakini nilijaza chupa tena. Mimi si mwizi.

Gichovi: Ulijaza na... maji gani?

Virginia: Si ya kisima?

Gichovi: [anapekua karatasi]

Virginia: Haloo? Ni network imepotea ama ni wewe?

Gichovi: Niko, mama. Ni hivi. Mvua ya huku iko na chumvi kidogo. Jua likivuta maji, chumvi inabaki, inashuka na ile maji kidogo imebaki. Kwa hivyo kisima kikizidi mvua kwa chumvi, tunajua maji imefika chini ni kidogo. Sasa chupa yangu imetoka maabara na chumvi sawa na—

Virginia: Na kisima. Uuui!

Gichovi: Bosi anaruka kwa furaha. Eti mvua yote inaingia chini, hakuna tone inapotea! Kesho hoteli moja ya ufuoni inaruhusiwa kuweka pampu kubwa ya kuvuta maji.

Virginia: Na si ukweli?

Gichovi: Si ukweli. Wakivuta hivyo, bahari itaingia kwa visima vya watu.

Virginia: Na umenyamaza?

Gichovi: Ningesema aje, mama? Eti mama mkwe amekunywa... Si heshima. Nilitaka kusema ni paka.

Virginia: Paka alipika chai?

Gichovi: [mkwaruzo wa simu] ...alimwaga...

Virginia: Gichovi! Kijiji kizima wanywe chumvi ndio mimi niheshimiwe? Hiyo heshima kaa nayo.

Gichovi: Pole, mama.

Virginia: Waambie ni Virginia, mama ya Wawira. Nilikunywa mvua yao, ilikuwa tamu sana, na sasa naona aibu. Lete namba ya huyo bosi.

Gichovi: Hapana, mama, tafadhali! Nampigia mwenyewe—

Virginia: Lini?

Gichovi: Sasa hivi.

Virginia: Basi mbona unamaliza kredo ya simu na mimi? Kata!