Transfa Iliyolala kwa Fundi Kasiani

Baba Padre, ndugu wa Litembo mliofika na mlio bado njiani, majirani wa Rahaleo, mafundi na waombolezaji wote, familia inaomba utulivu wenu ili tuwasomee maisha ya mzee wetu, Fundi Kasiani Ndunguru, na tunawaomba radhi mapema, kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo mafundi wa mji huu hawajawahi kuambiwa.

Mzee Kasiani alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956, katika kijiji cha Litembo, Mbinga, akiwa mtoto wa saba, na alikulia katika ile desturi ya Wamatengo iitwayo sengu, ambapo wanaume na watoto wa kiume wa ukoo hukutana kwa babu na kula pamoja, kila mama akileta chungu chake, na hakuna anayeuliza tonge hili limetoka jiko gani. Mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba hakujua kuwa binadamu anaweza kula peke yake mpaka alipoona kwa macho yake, na aliyemwona alikuwa yeye mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Litembo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akajifunza ufundi wa magari kwa wamisionari, Peramiho, kuanzia 1972 hadi 1974, na tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika karakana ya serikali hapa Mtwara, akiwa kijana asiyemjua mtu, mwenye chumba kimoja na sufuria moja. Miaka ile ya mwanzo ilimtesa, si kwa kazi, maana kazi aliipenda, bali kwa ile saa ya kurudi chumbani, kusonga ugali wake na kuula huku ameutazama ukuta.

Mungu alimwona, kwani tarehe 6 Novemba 1982 alifunga ndoa na Mwalimu Yustina Komba, mwenyeji wa Songea aliyekuwa akifundisha hapa mjini, mama ambaye hakujua kupika chakula cha watu wawili, na nyumba yao ya Rahaleo ikajaa wanafunzi, madereva, na wapita njia waliokuja kuomba maji wakaondoka wameshiba. Walijaliwa watoto wawili, Brian aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1985, ambaye leo anafanya kazi migodini kule Geita, na Pendo aliyezaliwa tarehe 11 Januari 1990, ambaye ni mtumishi wa umma Dodoma.

Mwaka 1996, baada ya watumishi wengi kupunguzwa kazini, mzee alifungua gereji yake uani kwake, na hapo ndipo jina lake lilipofika vijiji vya bonde la mto Ruvuma, Mahurunga, Kitaya, na kila mahali ambapo gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halirudi nyumbani wakati wa masika. Mnaifahamu transfa, lile boksi la chuma linalokaa nyuma ya gia boksi na kugawa nguvu kwenda mbele na nyuma, na mnafahamu pia kwamba nyingi tunazozifunga ni za mtumba, zimetoka kwenye magari ambayo hakuna ajuaye yalikufaje. Bwana Fazal, ambaye duka lake la vipuri lipo Mikindani, hakuwa akimkabidhi mteja transfa bila kumwambia aipitishe kwanza kwa Kasiani, ingawa alilalamika kila siku kwamba mzee huyo anaichumbia bidhaa yake kana kwamba anataka kuioa.

Na kweli aliichumbia. Aliizungusha kwanza juani akitafuta ufa au mahali palipochomelewa, akamwaga oili ya zamani kwenye karai na kuisugua kwa vidole, na ikimeremeta alijua kuwa meno yanaliwa, na ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa alijua kuwa gari lile liliwahi kuzama, na hakuhitaji kuuliza zaidi. Kisha aliishika shafti na kuitikisa apime inavyocheza, akaizungusha polepole huku ameinamisha sikio kuisikiliza beringi, akaiingiza gia nzito ya kutokea kwenye tope na kuitoa, tena na tena, na mwisho akalinganisha meno yake na ya gia boksi ya gari lenyewe, kwa sababu transfa nzima isiyokubaliana na gia boksi ni pambo la uani. Baada ya hayo yote aliijaza oili safi, akaifunika kwa kitenge, na kumwambia mwenye mali kwamba sasa ilale mpaka asubuhi.

Huko kulala ndiko kulikozaa maneno. Fundi mmoja alieleza kwamba oili inahitaji usiku mzima kushuka kwenye beringi, mwingine akasema kwamba chuma lazima kisahau gari lake la zamani, na leo hapa Mtwara hakuna fundi anayejiheshimu atakayefunga transfa ya mtumba bila kuilaza, na wateja wamekwisha kugombana na kununiana kwa ajili ya jambo hilo. Familia inaomba muweke kumbukumbu vizuri, kwamba kabla ya mwaka 2015 Fundi Kasiani hakuwahi kulaza transfa hata moja.

Mwalimu Yustina alifariki tarehe 2 Julai 2015. Watoto walikwisha kuwa na kazi zao mbali, na baada ya matanga mikeka ilikunjwa, watu wakatawanyika, na mzee akajikuta na sufuria moja na ukuta, kama mwaka ule wa kwanza, ila safari hii ukuta ulikuwa na picha ya Yustina. Mwezi uliofuata akaja dereva kutoka Mahurunga na transfa chafu kupita kiasi, ambayo kwa kweli ilihitaji kuoshwa na kungoja, na kwa kuwa dereva hakuwa na pa kulala wakala pamoja samaki na ugali wa muhogo, wakapiga soga, mzee akalala usingizi aliousahau. Transfa iliyofuata ilikuwa safi, haikuhitaji chochote, lakini mzee alijisikia akimwambia mwenye mali kwamba ilale, na kitenge alichoifunikia kilikuwa cha Yustina.

Aliyemgundua ni Pendo, alipokuja kwa Krismasi mwaka 2021 na kuona kwamba kazi imekwisha kabla ya adhana ya alasiri, lakini mteja anaambiwa aingie ndani akaoge, chakula kiko njiani. Alimuuliza baba yake uani, na baba yake hakumficha.

"Chuma hakilali, mama. Ni mimi ninayetafuta mtu wa kula naye."

Pendo alicheka, kisha akaingia jikoni akalia, na tarehe 9 Januari 2022 alimchukua wakaishi wote Dodoma, ambako mzee alikaa mpaka Pasaka tu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na upendo wote lakini kila mtu alirudi kwa saa yake na kupasha sahani yake. Alirudi Rahaleo, kwenye ua wake, na Pendo akaitunza siri hiyo mpaka jana alipoturuhusu kuisema.

Tangu Oktoba 2022 mzee alisumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye moyo, akawa anahudhuria kliniki bila kukosa. Ijumaa iliyopita, tarehe 8 Machi 2024, alikuja Bwana Fadhili wa Kitaya na pikapu yake, na transfa aliyoinunua kwa Bwana Fazal, wakati mvua imekwisha kuziba nusu ya barabara na mkewe yuko nyumbani, siku zake za kujifungua zimekaribia. Fadhili hakulalamika, kwa kuwa alijua utaratibu, akasema atalala. Mzee alikuwa amekwisha kununua changu wawili wakubwa, na mchele ulikuwa umechaguliwa. Aliikagua transfa kwa utaratibu wake wote, bila kuruka hata hatua moja, akaikuta nzima, akachukua kile kitenge, akasimama nacho mkononi akilitazama wingu upande wa mto Ruvuma.

"Tuifunge leo," alisema. "Haina haja ya kulala."

Fadhili alidhani mzee anaumwa. Walifunga pamoja, wakaijaribu gia nzito kwenye tope la nyuma ya nyumba ikashika, na pikapu ikaondoka kabla ya magharibi, Fadhili akiendesha kwa hofu njia nzima, akingoja transfa isiyolala imfie porini. Haikumfia. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Machi, Bibi Somoe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipoona mlango haufunguliwi aliita watu, nao wakamkuta mzee kitandani, ametulia, na mezani sahani mbili, moja imeliwa, nyingine imefunikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bibi Somoe na majirani wote, jumuiya yake ndogondogo, Bwana Fazal na mkewe, Mama Zainabbai, waliogharimia mambo mengi na kukataa tuyataje, na mafundi waliofunga gereji zao leo. Tunamshukuru Bwana Fadhili, ambaye alimfikisha mkewe kituo cha afya Jumapili, kwenye tope, kwa gia nzito, na leo amerudi na pikapu ileile, iko hapo nje, ndiyo itakayombeba mzee.

Na enyi mafundi, sasa mnajua kwamba transfa ikishakaguliwa inaweza kufungwa siku hiyohiyo, msiwacheleweshe watu. Lakini wewe mwenye gari, ukimkuta fundi anayeishi peke yake, naye akakwambia ilale mpaka asubuhi, familia inakuomba usibishane naye, kaa ule.

Pumzika kwa amani, Fundi Kasiani. Yustina amekwisha kupakua.