Karai Jeusi la Winfred Chepngetich

Ndugu waombolezaji, historia hii ilistahili kusomwa na mtu mwenye shule, na watu wa shule wamejaa katika familia hii, lakini marehemu aliacha ameandika kwa mkono wake, na karatasi anayo mchungaji, kwamba atakayeisoma ni mama mkwe wake, Tapkigen, aliyeishia darasa la tatu na ambaye miwani yake imebaki na kioo kimoja, na mama mkwe huyo alipouliza kwa nini asisome Derek ambaye ndiye mume, akaambiwa maneno ya marehemu hayabadilishwi, basi ndiye huyu amesimama mbele yenu, na atakayeona inakwenda polepole avumilie, alikuwa na nafasi ya kujitolea akanyamaza.

Marehemu Winfred Chepngetich alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Nandi Hills, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Elijah na mkewe Salina, wachuma chai, na alizaliwa mdogo kama kiatu, mkunga akasema huyu hafiki Krismasi, naye akazifikia arobaini na moja, mkunga mwenyewe alishatangulia kaburini zamani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1991 na kumaliza 1998, akasoma sekondari toka 1999 hadi 2002 akapata alama ya B, na mwalimu alipomuuliza anataka kuwa nani akajibu kwamba anataka kupikia watu wengi kwa wakati mmoja, darasa likacheka, mwalimu akamwambia, "Basi nenda jikoni ukasonge ugali wa shule," na mwalimu huyo miaka mingi baadaye alimtembelea mwanawe hapa Toronto, akapanga foleni kwa Winfred kama watu wengine, akala sahani mbili.

Tarehe 28 Agosti 2004 alifika mji huu kusomea biashara chuoni, na Januari 2005 akapata kazi ya kuosha bakuli katika mkahawa wa mzee Kwan, Mchina wa Guangdong aliyekuwa na meza kumi na nne kule Scarborough na maneno machache kuliko meza, na kwa miaka miwili mizima hakuruhusiwa kugusa karai, maana mzee alisema asiyejua sauti ya moto atapika majivu, hadi siku moja ya mwaka 2007 mpishi alipougua, Winfred akakaanga wali wa wafanyakazi, mzee Kwan akala, na kesho yake akamletea aproni mpya bila kusema kitu, mkewe akamnong'oneza Winfred kwamba hata yeye hajawahi kusifiwa namna hiyo.

Tarehe 12 Desemba 2009, nyumbani Mosoriot, alifunga ndoa na Derek Kipchirchir, muuguzi, na ukweli usemwe kwa kuwa marehemu alitaka usemwe, mama mkwe hakupendezwa, alimuuliza mwanawe mbele ya wageni, "Umetuletea mke au jiko la Wachina," na bibi harusi akajibu kabla ya bwana harusi kumeza mate, "Nimekuja na vyote viwili, Mama, wewe utachagua," wazee wakacheka, mama mkwe hakucheka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jebet aliyezaliwa 2010 na Kiprono aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 2013, ambao wanasikia Kiswahili chote hiki na watajibu kwa Kiingereza, lakini wanasikia.

Mwaka 2012 mzee Kwan alistaafu, watoto wake wote wakiwa madaktari wa meno wasiotaka harufu ya kitunguu, akamkabidhi Winfred karai lake, karai la chuma lililokaa motoni miaka ishirini na sita bila kuonja sabuni, jeusi tii, na weusi huo ndio uliofanya wali usigande na ndio uliotia chakula ile harufu ya moto, na kwa karai hilo Winfred alifungua mkahawa wake wa kwanza tarehe 4 Mei 2012 chini ya maghorofa ya Crescent Town, akauita Karai, watu wakauliza nani atanunua chakula cha Kichina kwa Mnandi, wiki ya kwanza wakaja Wakenya kwa huruma, wiki ya tatu wakaja Wabangali wa ghorofani kwa njaa, na kufika Agosti foleni ilikuwa imepita mlango wa kinyozi.

Oktoba 2013 mama mkwe aliletwa kutoka Kenya kumlea mtoto mchanga, na Jumamosi tarehe 16 Novemba, asubuhi, akamfuata mpishi Télesphore aliyekuwa ametoka Bukavu na hajamaliza hata mwezi kazini, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo, akaingia jikoni kukagua, maana kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria yake, ikikosa kung'aa wageni wanakunywa chai huku wakitazamana, na hapo akaliona karai, akajisemea kumbe mke wa mwanangu anawalisha watu wa Mungu masizi, akachukua waya wa kusugulia na sabuni, akasugua saa mbili nzima, Télesphore akitokea stoo na kusema, "Mama mukubwa, acha, ile haioshwake," naye akamjibu, "Nyamaza, wewe na uchafu wenu," akasugua hadi akayaona meno yake ndani ya chuma.

Mchana ule wali uligandia chini, tambi zikakatika, mayai yakawa gundi, watu arobaini wakaondoka na njaa yao, na Winfred alipouliza nani ameosha karai la mzee, mama mkwe alikuwa pale pale amembeba Kiprono, akamtazama mtoto, na Télesphore naye akatazama chini, kwa sababu kwao hawamshtaki mama wa mtu, na kwa kuwa mwenye ufunguo ni yeye, akafukuzwa siku ile ile, akatoka kwenye theluji ya kwanza ya mwaka na koti la kuazima.

Siku kumi na moja mama mkwe alikaa na neno hilo, na angekaa nalo hata leo, ila mdomo wake ni mrefu kuliko akili yake, akajisifu kwa akina mama wa kanisa kwamba jiko la Winfred lilikuwa limeoza hadi yeye alipolisugua, na kabla chai haijapoa Winfred alikuwa amepigiwa simu. Hakupiga kelele, marehemu hakuwa mtu wa kelele, alikwenda akamrudisha Télesphore na kumwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, kisha akaweka kigoda mbele ya jiko akasema, "Mama, weusi uliutoa wewe, utaurudisha wewe, na huyu ndiye mwalimu wako."

Miezi mitano mama huyo alikaa hapo kila asubuhi, akichoma mafuta na majani ya kitunguu na tangawizi, anafuta, anachoma tena, Télesphore nyuma yake akimwambia, "Moto kwanza, Mama mukubwa, mafuta nyuma," na Aprili karai lilipokubali, Winfred akamtaka jambo moja tu zaidi, amwombe Télesphore msamaha mbele ya watu kama yeye mwenyewe alivyofanya, mama mkwe akasema hamwombi radhi kijana anayelingana na kitinda mimba wake, na Winfred akasema, "Sawa, Mama, sikulazimishi, lakini kila nitakapofungua mkahawa, karai jipya utalitia weusi wewe, mpaka siku utakayosema."

Mama mkwe alicheka, akadhani huyu msichana atafungua mikahawa mingapi. Mwaka 2015 akafungua Dixon Road, kule Kingsview Village, nyama yote ya halali, Wasomali wakala wali wa kukaanga na sukuma wiki hadi mchele ukaisha saa nane mchana, 2016 Scarborough, katika jengo lile lile la mzee Kwan, na mzee akaja kwa mkongojo akaonja, akatikisa kichwa mara moja juu chini, na kwake hiyo ilikuwa hotuba, 2018 Thornhill, kisha Brampton, Mississauga, Hamilton, gonjwa la dunia likafunga milango ya wengine naye akapikia wauguzi wa zamu ya Derek, akatoka humo na mikahawa minane, na kufikia 2024 ilikuwa kumi na moja, wafanyakazi mia na tisini, na makarai kumi na moja yote yametiwa weusi na bibi mmoja mkaidi kwenye kigoda, vidole vina alama hadi leo, na Télesphore, ambaye sasa ndiye mkuu wa majiko yote, alimletea kigoda hicho kila mara, hakuwahi hata siku moja kukisahau wala kumkumbusha.

Februari 2025 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa, akafanyiwa upasuaji mwezi wa Mei, na kitandani bado alikuwa anachora jiko la mkahawa wa kumi na mbili, mama mkwe akamwambia apumzike, akajibu, "Wewe ndiye unayeogopa karai la kumi na mbili, Mama," na alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Derek.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Crescent Town waliojaza nyumba vyakula wakati hatukuwa na hamu, kanisa, na wafanyakazi wa Karai ambao leo wamezima majiko kumi na moja ili wafike hapa.

Limebaki moja, na marehemu alijua ndilo litakalobaki, ndiyo maana alinichagua. Télesphore, umesimama mlangoni kama kawaida yako, sogea hapa mbele watu wakuone. Karai nililisugua mimi, Tapkigen, nikanyamaza ukafukuzwa kwenye baridi, na miaka kumi na miwili nimeona rahisi kuunguza vidole kuliko kufungua mdomo. Nisamehe, mwalimu wangu.

Haya, Winfred, umeshinda. Pumzika kwa amani yako, karai la kumi na mbili nimeshalitia weusi.