Viatu Mlangoni kwa Chohwa

Kwenye benchi la kilabu cha pombe ya mchele cha Bibi Gopdan, mjini Naju, haipiti siku Chohwa asifukuliwe. Marehemu alikuwa mwimbaji wa baraza la liwali, mwanamke wa kuwaburudisha wakubwa kwa ngoma na mashairi. Ana miaka mitatu kaburini, lakini shairi lake moja bado linawagombanisha wazee wazima: “Theluji imeziba mlango, ni vya nani viatu hivi visivyotaka kuondoka?” Kofia, fundi wa kofia za singa za farasi, ameshaapa mara mia kuwa ni vyake, na heshima yake yote pale kijiweni imesimama juu ya viatu hivyo.

— Nililala kwake siku tatu, theluji hiyoo! — alisema Kofia.

— Usitupige kamba, — alidakia Wino, karani mstaafu. — Theluji ni mfalme, viatu ni mawaziri ving'ang'anizi. Siasa hiyo, bwana! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu linaingiaje hapo?

— Kwani viatu huvaliwa kichwani?

Kwato, mwendesha punda, akagonga bakuli.

— Hamna kitu nyote! Vilikuwa viatu vya mzimu. Mzimu hauna miguu, vitaondokaje?

— Tokeni hapa! — Kofia aling'aka. — Chohwa alinishika mimi kama mume wake!

Mama mmoja mwenye mundu alikuwa amesimama nyuma yao.

— Afadhali nimekukuta, bwana. Mimi nilikuwa mtumishi wake. Keshokutwa sikukuu ya mavuno, kila kaburi linafyekwa na jamaa zake, la bibi yangu tu ndilo pori. Hakuacha mtoto. Nimelifyeka miaka yote, mwaka huu mkono wa kulia umepooza. Utakwenda?

Lo! Wino akaona kitu ndani ya bakuli lake. Kwato akamkumbuka punda. Kupanda mlima ule wa makaburi na mundu, mchana kweupe, ni kuutangazia mji mzima kwamba aliyelala pale ni wako. Kofia aliona uso unamuwaka. Zile siku tatu zilikuwa za kweli, na alimpenda yule mwanamke, alimpenda mno. Akatazama mlimani. Mashemeji zake, kaka za mkewe, walikuwa wameinama kulekule wakifyeka kaburi la baba yao.

— Ni wewe, bwana, au siye?

— Mimi? — alisema Kofia. — Mimi nashona kofia tu, dada.

Mama akaushika mundu kwa mkono wa kushoto, akaanza kupanda.