Aliyekaa Kushoto kwa Mwalimu wa Piano

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa piano, aliyeaga dunia wiki iliyopita nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wengi wenu mlipita mikononi mwake. Wengine mlimpelekea watoto Jumamosi asubuhi, mkawaacha mlangoni, mkatimua mbio kabla mwalimu hajabadili mawazo.

Tunamkumbuka mwalimu wa piano, lakini niruhusuni nipitie mlango wa pembeni. Nitapitia kwa mumewe, kwa sababu hakuna aliyemtazama mama yule kwa karibu kama yeye. Na mume yule, wasikilizaji, alikuwa na wivu. Sisemi wivu wa mzaha. Nasema wivu wa kumkosesha mtu usingizi, halafu asubuhi akaamka nao tena.

Mume ni fundi viatu. Walikutana dukani kwake, mwalimu akiwa binti bado, ameshika viatu mkononi, amenuna.

"Soli hii ni nene mno," alisema. "Nikikanyaga pedali ya piano sisikii kitu."

Fundi alikuwa hajawahi kupata mteja anayesikiliza kwa miguu. Akaipunguza soli. Binti akavaa, akakanyagakanyaga sakafu, akasema bado. Akaipunguza tena. Bado. Alipoambiwa "hapo hapo," fundi alikuwa ameshazama. Tangu siku ile mwalimu hakupanda jukwaani na viatu vya fundi mwingine, na haukupita muda mrefu wakaoana.

Shida ilianza kwenye tamasha la kwanza baada ya harusi. Mwalimu alipiga piano, na pembeni yake alisimama mpiga fidla, kijana mrefu, mtanashati, shati jeupe pe. Kushoto kwa mwalimu alikaa bwana mwingine kabisa, kazi yake kugeuza kurasa. Kwa msiojua, mpiga piano mikono yote ina kazi. Kwa hiyo mtu hukaa kushoto kwake, na ukurasa ukiisha huinuka kidogo, akanyoosha mkono, akamgeuzia. Mkono ule hupita karibu kabisa na uso wa mpigaji. Fundi viatu aliuona ukipita kwenye uso wa mke wake, akahisi kama amemeza msumari wa dukani kwake.

Walipofika nyumbani hata koti hakuvua.

"Yule aliyekaa pale ni nani?"

"Anageuza kurasa."

"Kuanzia leo nageuza mimi."

"Mume wangu, wewe hujui noti hata moja!"

"Wewe niinamishie kichwa tu. Ukiinamisha, nageuza."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini alikubali. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi: mwalimu kwenye piano, fundi viatu kushoto kwake, suti imempwaya, macho yamemtoka. Watoto wa darasa wakambatiza jina, Babu Kurasa, hata kabla hajaota mvi.

Binti yao aliniambia, "Baba hakuwa anasikiliza muziki hata kidogo. Alikuwa analinda kidevu cha mama."

Na yule mpiga fidla alizidisha chumvi kwenye kidonda. Kila akimwona fundi, humwita shemeji. "Shemeji, habari za siku nyingi!" Fundi humwitikia kwa meno ya mbele, kisha hununa njia nzima. "Shemeji, shemeji! Amekuwa kaka wa mke wangu lini?"

Basi ikaja siku ya aibu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mpiga fidla akafika mahali pagumu, akapita vizuri ajabu. Mwalimu akafurahi, akamwinamishia kichwa kumpongeza. Fundi akaona kichwa kimeinama. Akageuza. Fidla ikapanda tena, mwalimu akainamisha tena. Fundi akageuza tena. Mpiga fidla siku ile alikuwa motomoto, na kila alipopongezwa, ukurasa uliruka. Muziki haujafika hata nusu, fundi ameshika karatasi ya mwisho, hana cha kugeuza. Watu wa mstari wa mbele walificha nyuso kwenye vitambaa.

Na mwalimu je? Alipiga mpaka mwisho. Hakukosea hata mahali pamoja.

Njiani kurudi, fundi roho ilimuuma mara mbili.

"Vile vichwa vyote ulivyoinamisha vilikuwa vya yule bwana."

"Alipiga vizuri, baba watoto. Nifanyeje?"

"Na zile karatasi? Kumbe unazo zote kichwani?"

"Ninazo. Sipandi jukwaani kabla hazijaingia kichwani."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Basi mimi nakaa pale nafanya nini?"

Mwalimu alisimama katikati ya njia, mkoba begani. "Unakaa na mimi," alisema.

Mwingine hapo angetulia, akamshika mkewe mkono. Babu Kurasa hakutulia ng'o. Alijiona kama mtoto aliyekalishwa kwenye usukani wa gari lililozimwa. Wivu ukatafuta mahali pengine pa kukaa, ukawakuta watoto wa Jumamosi.

Piano ilikuwa sebuleni, na meza ya kazi ya fundi, ya siku asizokwenda dukani, chumba cha nyuma. Ukuta ni mwembamba. Alimsikia mkewe akimwambia mtoto wa watu, "Vizuri sana, mpenzi wangu." Mpenzi wangu! Fundi akagonga nyundo kwa nguvu. "Hapo umepatia, roho yangu." Akagonga zaidi, mpaka kisigino cha kiatu cha mteja kikapasuka. Ndipo akaweka nyundo chini, akaingia sebuleni na aproni yake ya ngozi, akavuta kistuli.

"Nataka kufundishwa noti."

Mwalimu hakucheka. "Nyoosha mgongo," alisema.

Aliketishwa karibu na msichana mmoja asiye na meno ya mbele, aliyeitwa Kijiko kwa udogo wake. Kijiko alishika haraka, akaitwa mpenzi wangu. Fundi hakushika, akaambiwa, "Rudia." Wasikilizaji wapendwa, mzee mzima, ndevu nyeupe, alimwonea wivu mtoto asiye na meno! Ilifika siku akakataa kuitikia salamu yake. Kijiko wala hakujali. Alimwekea kidole kwenye karatasi: "Hii inapanda, Babu. Hii inashuka. Hapa unanyamaza, usiseme kitu." Polepole, kwa kununa na kurudia, Babu Kurasa akajua kuufuata muziki kwenye karatasi. Hakumwambia mtu nje ya sebule ile.

Kisha ugonjwa ukaingia. Mwalimu alianza kusahau. Alisahau funguo, akasahau majina ya wanafunzi. Baadaye muziki wenyewe ukaanza kumtoka. Tamasha la watoto lilipokaribia, alisema atapiga na mpiga fidla kama kawaida. Binti yao akalia. "Baba, mzuie. Mama ataaibika mbele ya watu."

"Akae nani pale kama si yeye?" alijibu fundi. "Nami nitakuwepo."

Siku hiyo mwalimu alihitaji karatasi kweli. Macho yake hayakubanduka kwenye noti. Ukurasa wa kwanza ukakaribia kuisha, na kidevu hakikuinama, kwa sababu alikuwa amesahau hata kuinamisha. Fundi alikuwa anafuata kwa midomo. Akainuka, akageuza. Kwa wakati wake kabisa. Na ukurasa uliofuata, na mwingine.

Katikati, mikono ya mwalimu ikasimama. Fidla nayo ikasimama. Akamgeukia mumewe, akanong'ona, "Niko wapi?"

Fundi akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa, mke wangu."

Mwalimu akatazama kidole, akaanza tena, wakafika mwisho.

Mpiga fidla alimfuata fundi nyuma ya pazia, macho yamelowa. "Shemeji, leo umembeba."

"Mke wangu si mzigo," alijibu Babu Kurasa, akamfungia mkewe koti vifungo vyote.

Lilikuwa tamasha la mwisho la mwalimu wa piano.

Wasikilizaji wapendwa, sisi wa kituo hiki tunatoa pole nyingi kwa fundi viatu, kwa binti yao, kwa mpiga fidla, na kwa watoto wote wa Jumamosi, wenye meno na wasio nayo. Mungu awape nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, kaeni kidogo mfikirie: mtu mliyempa nafasi kando yenu kwa mapenzi tu, wala si kwa haja, anajua kwamba ni kwa mapenzi? Kama hajui, mwambieni leo.

Nilimtembelea Babu Kurasa dukani kwake juzi. Alikuwa anapunguza soli ya mteja. Nilimwambia yale tunayoambiana sote, kwamba mwalimu sasa amepumzika. Akaweka kisu chini, akanitazama kwa hasira.

"Apumzike yeye? Humjui. Kama yuko mahali, anapiga. Na kichwa chake kimeshasahau, anahitaji mtu." Akaninyooshea kidole. "Mtangazaji, wewe unayejua habari zote, niambie. Ni nani amekaa kushoto kwake?"